Barua kwa Mama Neema: Sarafina wa Dodoma

Kisasa, Dodoma
Jumatatu usiku

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu za hapa, na baridi ya Juni juu yake. Upepo wa Dodoma unaujua, unaingia hata pale ulipobana dirisha kwa gazeti. Sisi wazima. Baba Baraka mgongo umemwachia, na kwaya inaendelea.

Umeniuliza kama lile igizo la Sarafina, la wanafunzi wa Soweto kule Afrika Kusini, linastahili kiingilio likiletwa huko Dar, au ni vijana wa chuo wanajifurahisha tu. Nimelitazama Jumamosi. Nenda. Ila nakujua wewe. Utakwenda na sinema yako ya Sarafina kichwani, ile uliyokuwa unaikariri shuleni mpaka matroni anakufukuza mbele ya televisheni, na kabla watu hawajakaa sawasawa utaanza kuninong'oneza kwa simu, "Mbona siyo hivi?" Ndiyo maana sikukujibu kwa meseji.

Igizo lilipokwisha watu hawakuondoka, mwaya. Tulijazana kwa mama wa chipsi nje ya geti, wengine wamekalia kreti za soda, wengine wamesimama na mishikaki mkononi, kila mtu anamkatiza mwenzake. Waigizaji nao wakatoka, rangi bado usoni, wakasimama pembeni kusikiliza wanavyosemwa. Mwongozaji wao alijifanya ananunua maji, lakini masikio yote yalikuwa kwetu.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa mwalimu. Kaka mmoja wa makamo alisema waziwazi kwamba alilipa pesa yake akitegemea mwalimu wa aina ya Whoopi Goldberg, yule aliyecheza mwalimu kwenye sinema, akaletewa binti mwembamba wa mwaka wa pili ambaye sauti yake haifiki mlangoni. Watu wakacheka, wengi wakamuunga mkono. Mimi nikakataa. Sinema ilitoka mwaka 1992. Igizo lilitangulia: marehemu Mbongeni Ngema, mtunzi wake, alilifungua Market Theatre, Johannesburg, mwezi Juni 1987, na Januari iliyofuata lilikuwa Broadway kule New York, ukumbi wa Cort, likachezwa hapo karibu mara 600 hadi Julai 1989. Whoopi aliletwa na sinema. Jukwaani walioubeba mzigo ni watoto wenyewe, kundi zima, na Leleti Khumalo, aliyecheza Sarafina, mbele yao. Sasa unamdaije binti wa watu kitu ambacho igizo halikuwa nacho tangu linazaliwa?

Na huyo binti mwembamba, ukienda, mwangalie mikono. Askari wanapoingia darasani na bunduki zao za mbao, yeye amewapa mgongo, anaandika ubaoni. Haachi. Chaki ikakatika, kipande kikaviringika hadi kwenye buti la askari. Akainama, akakiokota palepale butini, akapuliza vumbi, akaendelea na herufi aliyokuwa ameiacha nusu. Ukumbi mzima ulinyamaza. Kwa mama wa chipsi ilibishaniwa sana kama chaki ilikatika kwa bahati au ilipangwa. Mwenyewe alipoulizwa alitabasamu tu, akaomba pilipili.

Kabla ya hapo tulikuwa tumecheka. Kisa unakijua: shule ya Morris Isaacson, Soweto, mwaka 1976, watoto wanaambiwa nusu ya masomo yatafundishwa kwa Kikaburu, lugha ya Makaburu waliokuwa wanawatawala. Yule aliyecheza mkaguzi akaanza kufundisha hesabu kwa lugha isiyoeleweka, wanafunzi wanaitikia tu ndiyo ndiyo, macho yamewatoka. Kijana mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Kidato cha kwanza hicho!" Ukumbi ukaanguka. Hata mkaguzi mwenyewe midomo ilimtetemeka, akageukia ukuta. Wengine walisema baadaye kwamba kelele zile ni utovu wa adabu. Mimi naona kijana alisema alichokiona, na mzaha wake uliwafikisha watu Soweto haraka kuliko maelezo yaliyosomwa mwanzoni, ambayo, ukiniuliza, yangefutwa yote.

Haya, nyimbo. Hapo ndipo nilipokwenda nimetega masikio, maana alto haijanitoka. Mazungumzo wameyaweka kwa Kiswahili, nyimbo karibu zote wameziacha kwa Kizulu. Hilo liligawa watu vibaya. Dada mmoja alisema alikaa saa mbili anasubiri kuelewa. Lakini kwaya zetu zinaimba Kizulu kila Pasaka na hakuna anayelalamika. Sauti nne zilikuwa zimekaa mahali pake, tena waliimba huku wanarukaruka, jambo ambalo kwaya yetu haijaliweza hata tukiwa tumesimama. Waliyoiweka kwa Kiswahili ni sala ya Baba Yetu, ile inayoimbwa shuleni. Walipoianza tu, wanakwaya waliokuwa ukumbini wakashindwa kujizuia. Mzee mmoja nyuma yangu akaingia na besi, mama wa kiti cha tatu akachukua soprano, na mimi, sikufichi, nikajaza palipokuwa pamebaki. Sasa kuna waliokasirika kwamba walilipa kuwasikiliza waigizaji, siyo majirani. Sawa. Lakini wakaisikilizie nyumbani kwenye simu.

La matarumbeta lazima nikueleze. Muziki wa Sarafina Ngema aliutunga akisaidiwa na Hugh Masekela, na Masekela ni tarumbeta. Sasa vijana wa chuo Dodoma watatoa wapi matarumbeta? Wakaenda kuwakodi wale wa harusini! Wale wanaopanda nyuma ya pikapu, wanamtangulia bibi harusi. Wimbo wa kwanza ulipolipuka, shangazi mmoja safu ya mbele akapiga kigelegele kana kwamba posa imejibiwa. Baadhi ya wasomi wetu walisikitika, wakasema matarumbeta yale yameondoa uzito, hadithi ya watoto kupigwa risasi haiwezi kuchangamka hivyo. Hawa ndio sikukubaliana nao kabisa. Muziki ule ni mbaqanga, muziki wa kucheza wa mitaa ya Waafrika kule Kusini. Umetungwa hivyo makusudi, uchangamke. Wale watoto wanacheza mpaka risasi inapolia, na ukiwapunguzia kucheza umewapunguzia walichonyang'anywa.

Kwenye mazishi ndipo mabishano yalipokuwa na akili. Waliingia akina mama na muheme, wamezibana ngoma mapajani kama inavyopigwa huku Ugogoni, wakapiga polepole sana, pigo moja, kimya, pigo moja. Mimi mwili ulinisisimka. Lakini alikuwepo bibi mmoja Mgogo, amekuja na mjukuu wake mwigizaji, naye alisema kwa utulivu, akiwa ameshika kikombe cha chai, kwamba muheme ni ngoma ya jandoni, ya shangwe, nani aliwaambia waipeleke msibani? Mwongozaji akasogea, akamwamkia, akajitetea kwamba alitaka sauti ya hapa. Bibi akamjibu kwamba sauti za hapa ziko nyingi, kwani zeze hakuliona? Palikuwa hapana la kuongeza. Nadhani bibi ameshinda, ingawa masikio yangu bado yanamtetea kijana. Kama mkikuta zeze kwenye mazishi huko Dar, ujue limetoka kwa nani.

Sasa nikwambie kilichotokea karibu na mwisho, maana huko kwenu sijui kama kitatokea. Watoto wamepangwa mstari, askari wamewazunguka, wakaanza Nkosi Sikelel' iAfrika. Kwa sauti ya chini, bila ala hata moja. Nadhani walidhani tutakaa tusikilize. Safu ya mbele akanyanyuka mzee mmoja, kofia mkononi, mikono ubavuni, wima. Akafuata mwingine. Mara ukumbi karibu wote umesimama, viti vinagonga sakafu, na watu wakaanza kuimba Mungu ibariki Afrika juu ya maneno yao, maana sauti ni ileile moja. Waigizaji walichanganyikiwa kidogo. Askari mmoja wa Makaburu alisahau kazi yake, akavua kofia na kusimama imara na bunduki yake ya mbao. Aliyecheza Sarafina akafanya jambo la akili: akapunguza mwendo, akatungoja, tukamaliza pamoja.

Hapo nje palichafuka. Vijana wa nyuma walisema hawakuona chochote kwa sababu ya migongo yetu. Mmoja akasema wimbo ule ulikuwa sehemu ya hadithi, kusimama ni kutoelewa sanaa. Mwalimu mmoja mstaafu akamuuliza kwa ukali kama na yeye alilelewa kukaa wimbo huo ukipigwa. Mimi msimamo wangu ni huu: sisi tunauimba mstarini toka darasa la kwanza, nusu tumesinzia, nusu tunamchokoza wa mbele. Watoto wa Soweto walikuwa wakiuimba mbele ya mitutu. Siku moja na sisi tumeuimba huku tumezungukwa na askari, hata kama ni wa mbao. Huyo kijana atatafuta siku nyingine ya kuona.

Kijana huyohuyo, nampenda kwa ubishi wake, alisema pia kwamba mwisho ni mwepesi. Sarafina anavaa kama Mandela, anahutubia umati kama ametoka gerezani, watu wanacheza, kwisha. "Si tunajua alitoka?" Nikamwambia, mwanangu, wewe unajua. Igizo limetungwa 1987, Mandela alitoka tarehe 11 Februari 1990. Wale watoto walikuwa wanacheza kitu ambacho hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kitatokea, na walioketi kuwatazama Johannesburg walikuwa bado wanaishi chini ya Makaburu. Alinyamaza akamenya yai. Sijui kama nilimshawishi au alikuwa na njaa.

Aliyetufunga mdomo wote ni yule mzee wa kwanza kusimama. Kumbe ni mzaliwa wa Kongwa. Akasema yeye hakuja kwa sababu ya sinema, hata hajaiona. Utotoni mwake, Kongwa palikuwa na kambi ya wapigania uhuru, tangu 1964, palepale kulikokuwa na mashamba ya karanga ya Waingereza: watu wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Samora Machel alipita hapo, Chris Hani wa ANC alipita hapo. Mzee alisema yeye aliwajua kama wateja wa maziwa ya mama yake, walikuwa wanajifunza Kigogo ili wapunguziwe bei. Jioni walikuwa wanaimba, na wimbo wao mmoja ulikuwa huu wa Nkosi Sikelel'. Akasema, "Nimesimama kwa mazoea," akaanza kutafuta bodaboda.

Nami ndipo nikakumbuka Mazimbu, pale Morogoro tulipopelekwa ziara ya shule tukaishia kuchukia jua. Shule ya Solomon Mahlangu ANC waliifungua mwaka 1978 kwa ajili ya watoto walewale waliokimbia baada ya risasi za Soweto. Yaani Sarafina angevuka mpaka, huenda angekuja kusomea hapo Morogoro, anakula ugali wetu na maharage. Wewe ulilala kwenye basi. Nakumbuka vizuri.

Mengineyo ni ya kawaida. Maiki za shavuni zilikwaruza, ya Sarafina ikafa kabisa akaimba kavu, na alikuwa bora zaidi bila hiyo maiki. Taa sikuzielewa. Kuchomwa kwa yule askari Mwafrika, kwenye sinema moto unauona. Hapa walimzunguka wakicheza, duara likawa dogo, dogo, likafunguka, koti tu liko chini. Naona hii inatisha zaidi, ila Baba Baraka anasema alitaka moto. Mwanaume huyo nimemzoea. Ukumbi ulikuwa wa mikutano, hauna mteremko, ukikaa nyuma unaona vichwa vya watu. Kwa hiyo wahi mapema, chukua kiti upande wa kushoto karibu na matarumbeta, na Neema mpeleke, umri wake ndio wenyewe. Mwambie tu mapema kwamba kuna kupigwa.

Ukishaliona niandikie kuhusu mwalimu, na usinidanganye kwamba umempenda kama hujampenda. Nataka pia kujua kama watu wa Dar watasimama.

Mafuta ya alizeti ya mwaka huu nimeyapata mazuri, yamekamuliwa wiki iliyopita. Nakutumia dumu la lita tano na mdogo wake Baba Baraka, anapanda treni ya SGR Alhamisi asubuhi, utamkuta stesheni mchana. Mafuta ni yako. Dumu nalitaka, la mwaka jana bado uko nalo.

Msalimie Baba Neema na wanao wote.

Wako,
Mama Baraka