Barua ya malalamiko: prosesa iliyouawa na volti za muuzaji

Sinza,
Dar es Salaam.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KOMPYUTA MLIYOIPANDISHA VOLTI NA KUKATAA KUITENGENEZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhariri wa video za harusi na sendofu. Dukani kwenu nilinunua kompyuta ya mezani yenye prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta) ya Intel Core i7-8700K, nikapewa risiti ya EFD na waranti ya mwaka mmoja. Tangazo lenu lilisema mashine inakimbia gigahezi 5.0 kwa viini vyote, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba. Ilivyotoka kiwandani, prosesa hiyo ikivitumia viini vyote 6 hufika gigahezi 4.3, na ile 4.7 inayoandikwa kwenye boksi hupatikana kiini kimoja kinapofanya kazi. Nyongeza iliyobaki ni kazi ya mikono yenu, na ndiyo iliyoipandisha bei. Ovaklokingi yenyewe, yaani kuipandisha prosesa kasi kupita ile ya kiwandani, siipingi. Prosesa za Intel zenye herufi K zimeachwa wazi makusudi ili mwenye kujua aongeze kasi. Ninachokilalamikia ni jinsi mlivyoifanya, na jinsi mlivyonigeuzia kibao ilipoharibika.

Mashine ilianza kuzima yenyewe katikati ya kutoa video. Nilipoileta, fundi wenu aliitazama programu ya kupima joto ikisoma nyuzi 97, akasema ni kawaida kwa sababu Intel imeandika 100. Jibu hilo si la mtu anayeuza kompyuta. Nyuzi 100 ndipo prosesa inapoanza kujipunguzia kasi ili isiungue, kwa hiyo mteja aliyelipia gigahezi 5.0 anazikosa pale anapozihitaji. Wazoefu wa ovaklokingi hujitahidi kazi nzito na ndefu ibaki chini ya nyuzi 80 au 85, ili hata siku ya joto kali pawe na nafasi.

Hapa kwetu siku za joto kali ndizo nyingi. Fundi alinieleza kwamba mliijaribu hapo dukani ikaishia nyuzi 84. Duka lenu lina kiyoyozi! Kipoozeo cha feni hupoza kwa hewa ya chumbani, na chumba kikiongezeka nyuzi 12, prosesa nayo hupanda kwa kiasi hichohicho au karibu yake. Mashine iliyopimwa kwenye hewa ya nyuzi 21, ikapelekwa Sinza mwezi wa Februari ambako chumba kinafika 33, itasoma 96. Nyinyi ni wafanyabiashara wa Dar es Salaam, mnajua wateja wenu wanaishi kwenye hewa gani.

Joto lakini ni nusu ya habari. Fundi mwingine, si wa kwenu, aliingia kwenye Bayosi (programu ya msingi inayopanga kasi na volti za mashine), akakuta volti ya viini imefungwa kwenye 1.42 muda wote, hata mashine ikiwa imetulia haifanyi chochote. Kwa prosesa ya kizazi hiki, wanaoijua kazi huiweka karibu na 1.35 kwa matumizi ya kila siku, na anayefika 1.40 huwa na kipoozeo kikubwa kuliko hiki mlichofunga. Umeme unaoliwa huongezeka kwa mraba wa volti. Kwa mfano, kutoka 1.20 hadi 1.42, joto linazidi kwa karibu asilimia 40 kabla hata kasi haijaguswa, kisha kasi nayo inaongeza lake. Feni ya bei rahisi italiondoa wapi joto lote hilo?

Nilipolisema hilo dukani, mlinionesha hati ya Intel yenye volti 1.52. Namba hiyo ni ukomo wa kile prosesa inachoweza kuomba yenyewe ikiwa inajisimamia. Si ruhusa ya kuikandamiza na volti ya juu saa zote, viini vyote vikiwa na mzigo. Volti kubwa pamoja na joto huzichakaza njia za umeme ndani ya prosesa kidogo kidogo, na dalili yake ni hiyo niliyoiona: kasi iliyokuwa imetulia mwanzoni haitulii tena kwa volti ileile. Sasa tumeirudisha kwenye mpangilio wa kiwandani, joto limeshuka hadi nyuzi 72, na bado skrini ya bluu ya hitilafu inatokea. Ram (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imepimwa, ni nzima. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozeo ni mpya, vumbi hakuna. Kilichochoka ni prosesa.

Mkaniambia waranti haihusu uharibifu wa ovaklokingi. Ningekubali kama ningeifanya mimi. Bayosi mliipanga nyinyi, mkaitangaza, mkaichaji. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilipoanza kuharibika kwa sababu ya volti za juu, Intel ilitoa marekebisho ya kuzizuia, ikaongeza waranti kwa miaka 2. Aliyetengeneza alibeba lawama. Nanyi bebeni ya kwenu.

Naomba mnibadilishie prosesa kwa nyingine ya aina hiyohiyo iliyo nzima, ikiwa kwenye mpangilio wa kiwandani, au mnirudishie fedha zangu zote. Naomba pia kila mashine mnayoipandisha kasi iandikwe wazi volti iliyowekwa, joto lililofikiwa baada ya kazi ndefu, na joto la chumba kilichotumika kupimia. Kuna vijana wanakopa fedha wanunue mashine kwenu ili waanze kazi, na hakuna anayewaambia wananunua nini.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na viambatanisho vyote: nakala ya risiti, kadi ya waranti, tangazo lenu, na picha za Bayosi zilizopigwa kabla mpangilio wenu haujaguswa.

Wenu,
Mteja, mhariri wa video