Usilipite Jumba Lile

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Mama yako hajambo, wadogo zako nao wazima. Picha tumeipata, ile uliyosimama Sydney chini ya uso mkubwa wa langoni pa Luna Park, ule uwanja wa michezo ya burudani, uso ulioachama mdomo na meno kama madirisha. Umeandika kwamba ulipiga picha ukaenda zako, kwa kuwa mle ndani ni michezo ya watoto. Hapo, mwanangu, umenigusa. Baba yako aliingia mle akiwa mtu mzima, na hadi leo hajasahau.

Ilikuwa 1986. Meli yetu ilifunga gati Sydney, nami nilikuwa seremala wa melini. Jioni moja wenzangu walinivuta hadi Milsons Point, pale penye daraja kubwa la bandari, ilipo Luna Park. Mle uwanjani tuliingia jumba moja refu linaloitwa Coney Island. Humo hufungwi kitini ukapelekwa. Ni wewe na miguu yako. Kuna mapipa makubwa yanayozunguka, unatakiwa upite ndani yake bila kuanguka. Kuna njia za kutembea zinazokutikisa, vioo vinavyokufanya mfupi kama kinu, na miteremko mirefu ya mbao ambayo mtu huishuka amekalia gunia. Halafu kuna sahani kubwa ya mbao, laini kama kiganja. Watu huketi juu yake wamesongamana, nayo huanza kuzunguka, pole pole, kisha kasi. Wa pembeni hutupwa kwanza. Anayebaki ni yule aliyewahi katikati kabisa. Mimi nilirushwa nikamwangukia mzee mmoja wa Kizungu, akanishika mkono, tukacheka kama watu waliolelewa nyumba moja. Ilikuwa miezi mingi tangu niage nyumbani, na sikuwa nimecheka hivyo.

Nilirudi tena siku ya pili, peke yangu, kuangalia kazi ya mafundi. Tangu hapo kila nilipokuta habari za jumba lile niliisoma.

Jina lake limetoka New York. Coney Island ya huko ndiyo pwani ambayo George Tilyou alifungua uwanja wa michezo wa Steeplechase Park mwaka 1897. Mwaka 1907 iliteketea, naye akaweka bango akitoza senti 10 kwa anayetaka kuona majivu. Alipojenga upya alisimamisha jumba la chuma na vioo, mvua isimfukuze mteja, akalijaza mapipa, miteremko na sahani za kuzunguka. Miji mingi ikaiga. Lakini Steeplechase ilifungwa 1964, na miaka miwili baadaye jumba lake likabomolewa.

Luna Park ya Sydney ilifunguliwa Oktoba 1935, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi. Kabla yake uwanja ule ulikuwa wa karakana za chuma cha daraja, na daraja lilipofunguliwa 1932 ukabaki bila kazi. Michezo mingi ilitoka Luna Park iliyotangulia ya Glenelg, karibu na Adelaide; ilifumuliwa vipande huko, ikasafirishwa na kuunganishwa tena Sydney. Lililonivutia zaidi ni hili: kwa miaka mingi walikuwa wakifunga kila majira ya baridi, wakakagua, wakakarabati, wakapaka rangi. Mchoraji Arthur Barton aliwafanyia kazi tangu 1935 hadi 1970, na zile picha za vichekesho ukutani ni za asili yake. Chombo cha mbao hakiishi bila mkono wa mtu, Zuhura. Jahazi lisilopandishwa pwani likapigwa kalafati, utalizika.

Usiku wa tarehe 9 Juni 1979 moto ulizuka kwenye mchezo wa Ghost Train, yaani treni ya mizimu, palepale uwanjani. Watu 7 walikufa, 6 kati yao watoto. Chanzo hakikuthibitishwa, na wazazi wale wakabaki na maswali. Mimi ni mzazi. Siwezi kukuandikia juu ya kicheko cha pale nikaruka hilo. Ukipita, waombee.

Uwanja ukafungwa. Mwaka 1981 michezo mingi iliuzwa mnadani, mingine ikavunjwa, na kilichobaki kilitetewa na wakazi na wasanii, akiwemo Martin Sharp, ambao walikuwa wameunda kundi la marafiki wa Luna Park na kuandamana. Jumba la Coney Island ni katika vilivyonusurika. Uwanja ulifunguliwa tena 1982, ndiyo maana nilikuta milango wazi. Baada yangu ulifungwa 1988, ukafunguliwa 1995, ukafungwa mwaka uliofuata, na tangu 2004 unaendelea. Mwaka 2010 uliingizwa kwenye rejista ya urithi ya jimbo la New South Wales. Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikamwambia mama yako, sasa hakuna wa kulivunja kirahisi.

Basi Jumamosi usijifungie na vitabu. Nenda na wenzako. Katika pipa, usikimbie. Tembea kwa mshazari, hatua fupi, ukielekea upande unaopanda. Kwenye sahani, wahi katikati. Mwisho chukua gunia, panda juu kabisa, ujiachie. Ukifika chini pitisha kiganja chako kwenye zile mbao, kisha uniandikie.

Wako,
Baba