Si kila goti linalovimba baada ya ajali limeteguka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno ambalo waandishi wetu wamelizoea katika habari za ajali za bodaboda, kwamba majeruhi "ameteguka goti". Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na wengi walioletwa kwangu kwa jina hilo walikuwa wamevunjika ncha ya juu ya mfupa wa ugoko, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuchuliwa kwa mafuta kwa siku kadhaa.

Ugoko unapofika gotini hupanuka ukawa mfano wa meza yenye vibao viwili vilivyofunikwa gegedu, yaani utando mgumu unaoteleza, na juu yake ndipo hukaa mfupa wa paja. Kibao cha ndani ni kikubwa, kimebonyea kidogo na ni imara. Cha nje ni kidogo, nacho ndicho huvunjika mara nyingi zaidi, hasa bampa ya gari inapompiga mtu ubavuni mwa goti, kwa kuwa mfupa wa paja husukumwa ukakigandamiza kwa nguvu. Chini ya gegedu mfupa una vitundu kama sifongo, kwa hiyo aghalabu hudidimia badala ya kukatika vipande viwili, na mguu ukitazamwa kwa nje huweza kuonekana umenyooka kabisa. Hapo ndipo familia hudanganyika, nami siwalaumu.

Nyuma ya goti hupita ateri inayopeleka damu hadi vidoleni, na kwenye shingo ya mfupa mwembamba ulio kando ya ugoko, upande wa nje, huzunguka mshipa wa fahamu unaotuwezesha kuinua unyayo. Anayekanda goti hilo huweza kusogeza vipande vya mfupa asivyoviona. Misuli ya chini ya goti ikikaza kama ubao na maumivu yakazidi vidole vinaponyooshwa, damu huenda haipiti tena vizuri ndani yake, na mgonjwa huhitaji upasuaji katika muda wa saa chache.

Nawaomba basi waandishi waandike "ameumia goti" hadi picha ya eksirei itakapopigwa. Nao wanaomsaidia majeruhi barabarani waufunge mguu kwa ubao na kitambaa bila kuubana, wasimruhusu kuukanyagia, na wamfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo,
Morogoro