Neno grotty na dari za Nero

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku wazima, bibi yako anakusalimu sana. Umeniuliza wenzako wa huko Uingereza wana maana gani wanapokiita kitu grotty. Ni kichafu, chakavu, cha hovyo, kama bafu la hosteli lenye ukungu kwenye pembe. Lakini usiishie hapo, asili yake ni tamu mno.

Ni kifupi cha neno la Kiingereza grotesque, yaani cha ajabu hadi kuchukiza. Waliolieneza ni Beatles, ile bendi ya Uingereza, katika filamu yao A Hard Day's Night ya mwaka 1964: mmoja wao, George Harrison, anaonyeshwa mashati, anayakataa kwa neno hilo, na akiulizwa ndilo nini anajibu ni grotesque.

Sasa twende Roma. Mji ulipoungua mwaka 64 baada ya Kristo, Kaisari Nero alijijengea Domus Aurea, Nyumba ya Dhahabu. Alipokufa, waliomfuata wakaifukia, na Trajan akajenga mabafu ya umma juu yake. Mnamo mwaka 1480 hivi watu wakagundua matundu ya kuingilia chini. Wachoraji wakashuka na mienge, wakatambaa juu ya kifusi kilichojaa karibu kufika darini, na kwa sababu hiyohiyo wakaiona michoro ya dari mbele ya macho yao: shina la ua linamalizikia kwenye kiwiliwili cha mtu, mnyama ana mkia wa majani. Wengine walikwaruza majina yao palepale, na bado yanasomeka. Mahali penyewe palikuwa kama pango, na pango kwa Kitaliano ni grotta, basi michoro ikaitwa grottesche. Wachoraji Raphael na Giovanni da Udine waliipenda hata wakapamba Vatican kwa mtindo huo.

Yaani lilikuwa jina la urembo! Ila wa kuuchukia hawakukosekana tangu zamani. Vitruvius, msanifu wa majengo wa enzi za Augusto, aliulaumu mtindo huo kwa kuchora vitu visivyokuwepo wala visivyoweza kuwepo. Neno lilipoingia Kiingereza kupitia Kifaransa, likawa grotesque, na maana ikaelemea upande wa Vitruvius pole pole: cha ajabu kikawa cha kuchukiza.

Mimi nasema Vitruvius aliionea michoro ile. Nimekutumia picha za dari hizo kwenye simu. Zikuze, uangalie vidole vya yule anayeota kwenye ua, kisha uniambie kama utakubaliana naye.

Baba yako