Anayekunywa methadoni, naye ahesabiwe siku safi?

Mshauri, salaam.

Tunakuandikia watatu kwa pamoja, waratibu wa kikundi cha kusaidiana cha watu waliotoka kwenye unga (heroini), hapa Temeke. Vikao ni mara tatu kwa wiki. Karibu nusu ya wanakikundi wamepitia soba hausi, nyumba wanakokaa wanaoacha unga, wakavunja arosto (mateso ya mwili unapoukosa) bila dawa. Waliobaki wanakunywa methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, kliniki kila asubuhi. Wote hukaa duara moja, na ugomvi uko humo humo.

Utaratibu tumeuiga kwa NA (Narcotics Anonymous), mtandao wa vikundi vya wanaoacha dawa za kulevya, ule ulioanzia California mwaka 1953: hatua 12, sponsa (mzoefu anayemwongoza mwenzake), dakika tano kwa kila anayeshea, yaani anayesimulia yake, hakuna kumjibu mwenzio wala kutaja maskani na bei ya kete, kile kipakiti cha unga (mate huwatoka watu wakisikia hayo). Pia tunagawa vibao vya funguo kwa siku ambazo mtu amekaa bila kutumia. Cheupe ni cha anayeanza leo, cha chungwa siku 30, kijani 60, chekundu 90, cha buluu miezi sita, njano tisa, na kinachong'aa gizani ni mwaka. Mtu wa nje ataona plastiki tu. Kwa mtu ambaye nyumbani kwao hata sufuria hufungiwa chumbani asije akaziuza, ni kitu anachokabidhiwa bila kutiliwa shaka.

Sasa siku hizo zihesabiwe tangu lini? Wa soba hausi wanasema methadoni ni mle mle: ukiikosa unapata arosto, basi hujaacha. Wa kliniki wanajibu kwamba hawajagusa kete wala sindano, wanalala kwao na wanafanya kazi. Kwa NA, sharti pekee la kuwa mwanachama ni nia ya kuacha, kwa hiyo kumfukuza mtu hakupo. Ila nani ashee na nani asikilize tu, kila kikundi huachiwa kiamue chenyewe, na sisi tumeshindwa kuamua.

Ingekuwa ubishi wa maneno tusingekusumbua. Kinachotutisha ni wanaoanza kuruka siku za kliniki kimyakimya ili wafikie kibao. Arosto ya unga huanza saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida wiki moja hivi hutosha kuimaliza. Ya methadoni ni mvivu: huanza baada ya siku moja au mbili, kisha huburuza wiki tatu na zaidi. Kwa hiyo aliyeacha ghafla hujiona mzima siku ya kwanza, hutangaza kikundini kwamba ameweza, anapigiwa makofi. Siku ya nne hana usingizi, anaharisha, mifupa inauma, na kete moja ndiyo anayoiona kama dawa. Wakati huo mwili umeanza kusahau, na kipimo alichokizoea zamani kinaweza kumkata pumzi. Ndiyo maana pia aliyekosa dawa siku tatu mfululizo hatakiwi kupewa dirishani zile miligramu 90 zake kama vile hakuna kilichotokea. Hupimwa upya kwanza. Wanaliita jambo hili adhabu, na tumechoka kulifafanua.

Anayetaka kushuka kweli hushuka na daktari wake, asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, na mwendo huzidi kupunguzwa akifika chini ya miligramu 30, maana huko ndiko wengi huteleza. Kutoka 100 hadi sifuri, mwaka mzima si ajabu. Vibao vyetu havina subira hiyo.

Yapo mengine mawili yaliyotufanya tuwahukumu watu vibaya. La kwanza ni kusinzia. Anayekunywa saa moja asubuhi, dawa humkolea zaidi kati ya saa tatu na saa tano, na kikao chetu kilikuwa saa nne. Mtu ambaye dozi yake bado inapandishwa anaanguka kichwa mbele ya wote, na neno linapita kwamba ameingia na stimu. Tulikihamishia kikao saa kumi jioni na malalamiko mengi yakaisha. Yule anayesinzia hata jioni, miezi baada ya dozi kutulia, huyo tunamshika pembeni tumuulize kuhusu valiamu na pombe, kwa sababu vitu hivyo juu ya methadoni huua.

La pili ni TB. Rifampisini huisafisha methadoni mwilini haraka kuliko kawaida, na mtu aliyekuwa sawa huanza kutoka jasho na kuomba kuongezewa ndani ya wiki moja au mbili. Efavirenzi, kwa wanaotumia dawa za VVU, nayo iliwahi kutusumbua hivyo hivyo. Wenzake husema anasingizia. Sasa swali letu la kwanza kwa anayelalamikia dozi ni, "Umeanza dawa gani mpya?" kisha tunamrudisha kliniki alitaje jina la dawa hiyo dirishani.

Kuhusu vibao tumejaribu njia tatu. Kutenganisha vikao: wa kliniki walibaki bila watu wa siku nyingi wa kuwa sponsa wao, kikao kikafa. Kuhesabu kuanzia kete ya mwisho kwa wote: wanne wa soba hausi waliondoka, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni vizuri kuliko sisi wote. Kutogawa kabisa: mahudhurio ya wale wa chini ya siku 90 yalishuka, na hao ndio walio hatarini zaidi.

Tunaomba ushauri wako, na wa wasomaji wanaoendesha vikundi Unguja, Tanga au Mombasa ambako soba hausi na kliniki ziko jirani. Je, kuna mliofanikiwa kuweka hesabu mbili, ya siku bila unga na ya siku bila dawa yoyote, bila ya pili kugeuka ngazi ya kuwadharau wa kwanza? Anayekunywa methadoni awe sponsa wa nani, wa wenzake wa kliniki tu? Na daktari au muuguzi wa kliniki aalikwe kikaoni aeleze haya ya dozi, au ni bora azungumze nao nje, ili kikao kibaki cha wenyewe?

Kibao cha njano na viwili vya buluu viko kwenye mkoba wa mweka hazina tangu mwezi uliopita. Wenyewe wanajua viko humo.

Waratibu,
Temeke, Dar es Salaam