Salamu za Krismasi kwa familia yetu iliyoongezeka

Wapendwa, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya! Na ndugu zetu ambao hii sio sikukuu yenu, pokeeni salamu hivohivo, nyumba ni moja.

Tarehe 18 Desemba ilikua Siku ya Kimataifa ya Wahamiaji, imewekwa hiyo sababu siku kama hiyo mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kulinda wafanyakazi wahamiaji na familia zao, halafu siku chache tu baadae tunasoma habari ya Yusufu kuamshwa usiku amchukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri. Mi kila mwaka nikifika hapo nakwama. Wangapi kati yetu tumeondoka usiku?

Tulipoanza kusaidiana sisi wahamiaji na wakimbizi tulikua wachache na kazi yetu ilikua kusoma barua. Mtu anakuja na bahasha, wiki nzima kaogopa kuifungua, tunaisoma nae kumbe ni wito wa mahojiano na zimebaki siku mbili. Toka hapo ikaja kujaza fomu, kutafutia watu wanasheria wa rufaa, masomo ya lugha jioni, kusindikiza wagonjwa.

Na huko hospitali ndo kulitubadilisha. Tulikua tunakuta mtoto wa miaka kumi kakaa katikati ya mama yake na daktari, anatafsiri maneno ambayo mtoto hatakiwi hata kuyasikia, na mama nae anaficha nusu ya ugonjwa maana atayasemaje mbele ya mwanae? Tukasema hapana, basi. Tukaanza kufundisha watu wazima ukalimani, kutunza siri ya mtu, kusema kilichosemwa bila kuongeza wala kupunguza, na wengi waliojitokeza ni walewale waliokuja mwaka wa kwanza na bahasha zao mkononi. Yaani mimi nikiulizwa tumekua kiasi gani, hao ndo nawaonyesha.

Ila kukua kumekuja na maumivu pia, sifichi. Foleni imekua ndefu, kuna waliosubiri mpaka wakachoka wakaondoka, na kwenu nyie naomba radhi kwa moyo wote. Mwaka ujao siku za kupokea watu wapya zinaongezwa.

Mwisho wa 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walihesabu watu zaidi ya milioni 123 waliolazimishwa kuyahama makwao dunia nzima, na wengi wao hawajavuka hata mpaka wa nchi zao. Kati ya hao wamo mama zetu na wadogo zetu, wale tunaowapigia sikukuu hizi simu inaita weeee haipokelewi. Kama we ni mmoja wa wanaopiga bila kujibiwa, usikae peke yako ndani jamani, njoo tukae wote.

Simu ya dharura haizimwi. Zamu ya Krismasi wameichukua dada zetu na kaka zetu Waislamu, wamesema tuliwashikia wakati wa Idi. Asanteni sana.