Kukariri si kuelewa

Mhariri,

Mwanafunzi wa Moshi akiandika kwamba maji huchemka nyuzi 100 anapewa vema. Muulize kwa nini maharage yanagoma kuiva Horombo, kituo cha wapanda mlima kwenye kimo cha mita 3,720 Kilimanjaro, ananyamaza. Inasikitisha, maana mlima anauona kila siku. Kule mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Ukichochea moto, mvuke unazidi lakini joto halipandi. Linalosaidia ni sufuria ya presha, inayobana mvuke hadi mgandamizo na joto vipande.

Walimu wenzangu, mtoto afunike daftari aeleze sababu kwa maneno yake, kisha tubadilishe kimo au chombo katika swali. Akikwama, turudi kwenye sababu, tusimrudishie kanuni aikariri upya.

Mwalimu wa sayansi,
Moshi